Geuka kwa Heshima, Bakshishi Inaandikwa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwa sababu tangu bajeti iliyopita kulitaja kunatozwa kodi, na mimi hela ya kuchezea sina. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye mlima, yenye ziwa, yenye bendera ya rangi nne na waziri mmoja mmoja wa kuangalia kila rangi isipauke. Watu wake ni wapole mno. Ukimkanyaga mtu wa kwetu, yeye ndiye atakayekuomba radhi kwa kuweka mguu wake mahali ulipotaka kupita wewe. Wageni hutusifu sana kwa upole huo, na viongozi wetu nao wameufuga kama watu wafugavyo ng'ombe wa maziwa: wanaukamua asubuhi, wanaukamua jioni, na majani hawaupi.

Kabla sijafika kwenye jicho la mume wangu, lazima nieleze kwanza habari ya kugeuka, maana bila hiyo mtadhani nimechanganyikiwa.

Zamani, mtu akifiwa kwetu, rambirambi yako hukumkabidhi macho kwa macho. Palikuwa na kikapu mlangoni. Unatumbukiza mkono ndani, unageuza uso pembeni, na aliyefiwa naye anageuza uso wake. Hakuna aliyejua nani kaleta noti na nani kaleta yai moja lililofungwa kwenye jani la mgomba. Bibi yangu alikuwa akisema, uso ukigeuka aibu haina pa kukaa. Aliye nacho alitoa bila kuringa, asiye nacho alitoa bila kuchekwa. Desturi hiyo tuliitunga wenyewe. Hatukuletewa na mtu, wala hatukuikopa benki.

Basi Serikali yetu ikaipenda. Na kitu cha maskini kikishapendwa na Serikali, kiage mapema.

Ikatungwa Sheria ya Kugeuka. Kwa sheria hiyo, ukishakula hotelini unatoa kadi yako, mhudumu anakwambia, "Geuka kwa heshima," nawe unageukia ukuta uliopakwa rangi ya kijani uitwao Ukuta wa Heshima. Unakaa hapo, pua kwenye rangi, mpaka usikie, "Tayari." Huku nyuma bakshishi inaandikwa kwenye kimashine. Nani anaandika, na kiasi gani, hilo ni la moyo wako. Na moyo wako hauulizwi, kwa sababu, alivyosema Waziri siku ya uzinduzi, "Moyo wa mzalendo hauna mdomo."

Tulipiga makofi siku ile. Nani asingepiga? Tulipewa fulana. Siku hizi ukipita barabarani utaona watu wazima, na tai zao shingoni, wana doa la kijani kwenye paji la uso. Hilo ndilo jambo pekee ambalo nchi yetu imefanikiwa kuligawa sawasawa kwa wote.

*

Mume wangu anaitwa Mzee Shomvi, fundi cherehani. Ameshona sare za shule, ameshona suti za mabwana harusi ambao sasa ni mababu, na jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Lilibaki la kulia. Mwaka huu nalo likaanza kumsumbua: akiangalia taa anaona duara la rangi, akichukua sindano anatunga uzi hewani. Tukaenda mjini kwa Daktari Mwasiti. Akampulizia upepo jichoni, akaandika, akaniita pembeni.

"Bibi, ni presha ya jicho. Maji yanalisukuma kutoka ndani. Ijumaa hii nilipasue. Likivuka Ijumaa, mimi siwezi kukuahidi kitu."

"Na hili likifa?"

"Hana jingine," akasema.

Gharama ilikuwa fahari elfu arobaini, fahari ndiyo sarafu yetu, na ilipwe kabla ya Ijumaa. Hela hizo tulikuwa nazo, kwa namna ya kusema. Binti yetu Saumu ni mpishi kwenye kambi ya wachimba madini ng'ambo ya mpaka. Alituachia kadi yake ya mkopo. Kadi ya mkopo ni kwamba leo unalipa wewe, halafu binti yako anakatwa mshahara mpaka wajukuu waote meno. Kiwango chake kilitosha upasuaji, dawa za matone, na nauli ya kurudi. Saumu alinisisitiza, "Mama, kadi hiyo ni jicho la baba. Usiichomoe ovyo."

Nikaichomoa mara moja tu. Ilikuwa Jumatatu, tumetoka kupimwa, tumeondoka nyumbani alfajiri na matumbo matupu. Mume wangu akasema, "Mke wangu, leo tule hotelini kama watu wa maana. Nataka kuiona sahani ya kioo kabla sijafungwa bandeji."

Ningemkatalia vipi?

Tukaingia Mkahawa wa Tumbo la Taifa. Tulikula wali wa nazi, mchicha, na samaki wa kupaka mmoja, tukagawana. Yeye alichukua kichwa kwa sababu anapenda kukifyonza. Chai ya tangawizi vikombe viwili. Bei iliandikwa ubaoni kwa chaki na niliijumlisha mwenyewe: fahari mia mbili na themanini. Mhudumu wetu aliitwa Sudi, mtu mzima mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, anatembea kama anayeogopa kuiamsha sakafu.

"Geuka kwa heshima, Bibi."

Nikageuka. Mume wangu hakugeuka. Hakujua ukuta uko upande gani. Alikaa vilevile akitazama kaunta. Sudi alimshika bega amwelekeze, halafu akamwacha, kwa kuwa sheria inasema asiyeona hageuzwi.

Nikasikia kimashine nyuma yangu: ti, ti. Kimya. Ti. Kimya. Ti. Ti.

"Huyu anabonyeza nini muda wote huu?" mume wangu akauliza. "Samaki mwenyewe alikuwa mmoja."

"Tayari," Sudi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza mwiba.

*

Kesho yake, Jumanne, nikaenda kulipa kwa daktari. Dada wa malipo akaingiza kadi, akaitoa, akaipangusa kwenye sketi yake, akaiingiza tena.

"Bibi, kadi imekauka."

"Imekaukaje na haijafanya kazi?"

Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa benki, wenye picha ya puto: *Hongera mteja! Kwa mlo wa fahari 280 moyo wako umetoa bakshishi ya fahari 43,000. Taifa linakutazama kwa upendo.*

Niliusoma huku nimesimama, nikaurudia huku nimekaa. Hasira ilianzia miguuni. Sijawahi kujua kwamba hasira huanzia miguuni. Kabla sijajua nifanye nini, miguu ilikuwa imeshanifikisha mkahawani.

Mwenye mkahawa, Bwana Ndauka, alinipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya bakshishi."

"Kumbe ndiye wewe! Jamani, tokeni jikoni mumwone!" Wapishi wakatoka na miko yao, wakanipigia makofi. "Bibi, tangu nifungue hoteli hii sijaona moyo kama wako."

"Sikuitoa."

Makofi yakafa moja moja.

"Hukuitoa vipi na imeshatoka?"

"Bwana Ndauka, nilikula nusu samaki. Nusu yenyewe ilikuwa upande wa mkia. Nitoe bakshishi ya kununulia ng'ombe?"

"Uliona ikiandikwa?"

"Nilikuwa nimegeukia ukuta wako."

"Kwa hiyo hukuona."

"Sikuona."

"Sasa hukuona, unalalamikia nini?"

"Na kama ningeona?"

Akaweka mkono kifuani, akasikitika kwa ajili yangu. "Ungekuwa umevunja sheria, Bibi. Ningelazimika kuita polisi. Mshukuru Mungu wewe ni raia mwema."

Nilitoka nje. Sudi akanifuata mpaka kwenye pipa la maganda, akajifanya anamwaga maji.

"Bibi, nisamehe. Mimi nilibonyeza fahari ishirini tu. Lakini kile kimashine kinauliza, 'Je, moyo umetosheka?' Ukijibu hapana, kinaongeza. Ukijibu ndiyo, kinasema, 'Moyo wa mzalendo hautosheki,' kinaongeza. Kinaacha kikifika mwisho wa kadi."

"Na wewe unapata kiasi gani katika hizo?"

"Mimi?" Akacheka bila kutoa sauti. "Mimi napata ukoko wa wali tukifunga. Bakshishi nusu ya bosi, nusu ya Wizara. Mwaka wa sita huu, sijawahi kuishika."

"Basi njoo ushuhudie, mwanangu. Kuna mtu atapofuka."

Akatazama ndoo yake. "Bibi, nina watoto wanne."

Sikumlaumu. Niliilaumu nchi ambayo watoto wanne wa mtu wamefanywa kufuli ya mdomo wake.

Nikaenda benki. Nyuma ya kioo alikaa kijana ana beji ya kutabasamu. Beji ndiyo iliyokuwa inatabasamu, yeye hapana.

"Mama, muamala huu ni halali."

"Kwa nini ni halali?"

"Kwa sababu umefanyika."

"Mwizi akivunja nyumba, wizi nao umefanyika. Ni halali?"

"Hilo ni dirisha la bima, mama. Hapa umeshahudumiwa. Geuka kwa heshima."

"Nigeuke kwa huduma gani? Umenikatalia!"

"Nimekukatalia kwa upole. Upole una bakshishi yake."

"Kadi haina kitu."

"Hakuna shida, mama. Tunaandika kama deni la shukrani."

Nikageuka. Naam, niligeuka! Nilikuwa nimegeuka maisha yangu yote, shingo ilikwenda yenyewe. Nikiwa hapo ukutani nikaona mbele ya pua yangu alama ya paji la mtu mwingine, yenye mafuta na jasho, na juu yake ya mwingine, na ya mwingine, mpaka rangi imechubuka na tofali linaonekana. Wote hao walikuja kulalamika.

*

Jumatano asubuhi nilisikia tarumbeta. Nikadhani kuna harusi. Bendi ikaja moja kwa moja mpaka uani kwangu, nyuma yake magari matatu, nyuma ya magari watoto wa kitongoji kizima. Akashuka Mkuu wa Wilaya, Bi Tunu, na kofia pana kama ungo. Akapewa kipaza sauti, ingawa tulikuwa tumesimama hatua chache tu kutoka alipo.

"Wananchi! Katika wilaya hii iliyosahauliwa na mvua lakini haikusahauliwa na Serikali, ametokea mama mwenye moyo. Amekula kidogo, ametoa kikubwa! Je, huo si uchumi? Je, hayo si maendeleo? Kwa mamlaka niliyopewa, namvisha Bibi Mashavu Nishani ya Mkono Mwepesi!"

Akaipachika kwenye kanga yangu. Pini ikapita kanga, ikapita gauni, ikafika kwangu.

"Mheshimiwa," nikasema, "nishani siitaki. Nataka hela yangu. Mume wangu anapofuka."

"Amesema anashukuru mpaka machozi," Bi Tunu akawaambia watu wa televisheni. Halafu akanong'ona, "Mama, usituharibie. Mtu wa nishani ana haki ya kutoa neno la shukrani mbele ya Waziri, kesho, kwenye Baraza Kuu. Kaseme huko."

Wakala kuku wangu wawili, wakaondoka. Jirani yangu Bi Kidawa alikuwa amesimama uzioni, mikono kiunoni.

"Shoga! Kumbe una hela namna hii, na juzi ulikuja kwangu kuomba chumvi!"

"Kidawa, wameniibia."

"Nani huibiwa akaletewa bendi? Mimi nimeibiwa bata mwaka jana, nilipuliziwa hata filimbi? Na bakuli langu la chumvi nalitaka lirudi leo hii."

Nikamrudishia bakuli lake. Ndani mume wangu alikuwa ameketi kitandani akiwa ameinua kiganja mbele ya uso wake, anakisogeza karibu, anakipeleka mbali.

"Walivaaje?" akaniuliza.

Tangu jicho liingie ukungu mimi humsimulia kila kitu: mawingu ya rangi gani, nani kavaa nini, mshono wake umekaaje. Nikamsimulia. Kofia kama ungo, koti la bluu, bega la kushoto limeshonwa juu kuliko la kulia.

"Fundi wake mwizi," akasema.

*

Alhamisi tukafika kwenye Baraza Kuu la Shukrani. Ukumbi wenyewe ni mkubwa, na kuta zake zote nne ni za kijani, ili mtu popote alipo asikose pa kugeukia. Mbele walikaa wazee wa Baraza, wengine wamelala kwa heshima. Pembeni, kwenye kimeza kidogo chenye kimashine, alikaa karani mmoja mwembamba ambaye hakuna aliyemtambulisha. Katikati alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Luteni Kasirye Pembemoto, Waziri wa Shukrani, Upole na Mapato Yatokanayo.

Nilipoitwa nitoe neno la shukrani, nikatoa malalamiko. Ukumbi ukaguna. Mwanasheria wa Wizara, kijana mwenye viatu vinavyolia, akainuka.

"Bibi ana shahidi?"

"Ninaye. Mume wangu huyu. Yeye hakugeuka."

"Hakugeuka!" Wazee wawili wakaamka.

"Hana jicho la kumwonyesha ukuta uko wapi. Alikuwa anatazama kaunta."

Waziri akainamia kipaza sauti. "Mzee, uliona nini?"

Mzee Shomvi akasimama, akashika mgongo wa kiti. "Niliona ukungu, Mheshimiwa, na katikati ya ukungu kitu kinawaka kijani. Kidole kikakigusa, kikapumzika, kikakigusa tena. Nikajua huyu hahesabu bei ya samaki. Bei ya samaki haipumziki."

"Mheshimiwa Waziri," mwanasheria akasema, viatu vikilia kwa furaha, "kama mzee huyu aliona, basi anaona. Na kama anaona, alipaswa kugeuka; ni mhalifu. Kama haoni, ushahidi wake ni upepo. Tena, kama anaona, upasuaji ni wa nini? Na kama haoni, jicho la kuokoa liko wapi? Kwa vyovyote vile, Mheshimiwa, hawa watu hawakupoteza kitu."

Ukumbi ukapiga makofi. Nikawatazama waliokuwa wakipiga. Kila mmoja alikuwa na doa la kijani usoni.

Hapo ndipo hasira iliyoanzia miguuni ikafika kichwani.

"Pigeni!" nikasema. "Pigeni tena, mwanasheria hajasikia vizuri! Na wewe, Mheshimiwa, nisikilize. Bibi yangu aligeuza uso wake ili maskini asione haya. Ninyi mmetugeuza uso sisi ili mwizi asione haya. Mmechukua kitu tulichokuwa nacho kizuri kuliko vyote, cha bure, mkakifanya mtego. Kesho Ijumaa. Kesho jicho la mtu huyu, aliyewashonea sare ninyi mkiwa mnalowesha suruali darasani, linazimika. Na linazimika kwa sababu mlikula kwenye sahani yake wakati mimi nimewapa mgongo. Nataka hela yangu."

Mwanasheria akaashiria askari. Lakini Waziri aliinua mkono, maana alikuwa ameangalia kamera, na kamera zilikuwa zimewaka, na uchaguzi ulikuwa mwezi ujao. Uso wake ukalainika kama siagi juani.

"Ndugu wananchi," akaanza, "Serikali yangu ina masikio. Ina masikio kuliko serikali yoyote katika ukanda huu. Majirani wanakuja kujifunza masikio kwetu. Leo, kwa huruma yangu binafsi, na bila kukiri kwamba lolote limetokea, naagiza bibi huyu arudishiwe kile ambacho hakikuchukuliwa!"

Vigelegele. Watu wakakumbatiana. Mimi mwenyewe nikamshika mume wangu mkono.

"Karani, andika," Waziri akasema. "Ukumbi, geuka kwa heshima!"

Wakageuka wote. Wazee wa Baraza wakageuka na viti vyao. Mwanasheria akageuka. Askari wakageuka. Watu wa televisheni wakazigeuza kamera, zikawa zinaonyesha ukuta kwa taifa zima. Waziri naye, ambaye ni mtii wa sheria zake, akageuka na kipaza sauti chake, akaendelea kuhutubia rangi.

Shingo yangu ilikuwa imeshaanza kwenda. Mume wangu akanivuta kanga.

"Mke wangu, kumetulia. Kuna nini?"

"Wamegeuka."

"Na karani anaandika nini?"

Sijui kama kweli aliuliza kwa ujanja au kwa mazoea tu. Lakini mimi sijawahi kumwambia mume wangu kwamba sikuangalia. Nikarudisha shingo, nikatembea taratibu mpaka kwenye kimeza, nikasimama begani kwa karani.

Kimashine kilikuwa kimeandika: *Marejesho 43,000.* Chini yake karani alikuwa anabonyeza. *Bakshishi ya huruma ya Waziri. Bakshishi ya masikio. Bakshishi ya ukumbi. Bakshishi ya umeme wa kamera.* Kila akibonyeza, ile namba ya juu ilipungua. Ilikuwa imebaki mia tisa.

"Futa," nikasema.

Karani aliruka kama mtu aliyeguswa na nyoka. "Bibi! Geuka!"

"Futa, mwanangu."

"Nitafukuzwa kazi."

"Na nani? Anakuona nani?"

Akainua uso. Nadhani hajawahi kuuinua mahali pale. Akaangalia kulia, migongo. Akaangalia kushoto, migongo. Akamwangalia Waziri, akaona koti limempasuka mshono wa nyuma.

"Unanitazama kweli?" akaniuliza polepole.

"Nakutazama. Na nitamsimulia mume wangu kila kidole chako kinapokwenda. Shomvi! Kidole kiko kwenye kufuta."

"Nasikia," mume wangu akajibu kutoka kitini.

"Amefuta umeme wa kamera. Amefuta ukumbi. Jasho linamtoka. Ana saa ya mkanda mwekundu. Amefuta masikio."

"Bado huruma," mume wangu akasema.

"Bado huruma, mwanangu," nikamwambia karani.

Akaifuta. Namba ikarudi yote. Akabonyeza kitufe cha mwisho huku amefumba macho, kwa mazoea, nikamgusa bega akayafumbua. Simu yangu ikatetemeka kifuani.

"Sasa inabidi niseme 'Tayari'," akanong'ona. "Nisiposema hawageuki."

"Una haraka?"

Akafikiri. Akavuta kiti chake nyuma, akanyoosha miguu chini ya kimeza. Kwa mara ya kwanza nikaona ana pengo, kwa sababu alikuwa anatabasamu.

Nikamshika Mzee Shomvi mkono, tukapita katikati ya ile migongo. Tulipofika mlangoni Waziri alikuwa bado anauhutubia ukuta. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya uwazi.

*

Ijumaa asubuhi kliniki ilikuwa haijajaa. Wakamvisha mume wangu gauni la kijani lisilo na vifungo nyuma. Akalipapasa pindo, akasema hata mwanagenzi wake hathubutu kushona hivi. Daktari Mwasiti akamtia matone, akamwambia alale, akaniambia mimi niende dirishani kulipa ili waanze.

Dada wa malipo, yuleyule wa Jumanne, akachukua kadi. Kimashine kikakubali. Kisha akaonekana kuona haya, akashusha sauti.

"Bibi, sheria imefika na hapa. Tangu jana." Akanyoosha kidole. Nyuma yangu ukuta ulikuwa umepakwa rangi, mbichi bado, inanuka. "Geuka kwa heshima."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kugeuka, kwa upole wetu ule wa kuzaliwa nao.

"Mwanangu," nikamwambia, "shingo yangu imezeeka. Haigeuki tena."

Akanitazama. Nikamtazama. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, baba mmoja amembeba mtoto mwenye jicho lililofungwa, akasema polepole kwamba hata yake imeanza kumuuma.

Dada akaandika elfu arobaini. Nilizihesabu sifuri zikitokea, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho, na haikuja nyingine. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa, na sauti ya mume wangu ikatokea ndani, inauliza daktari amevaa nini.